Mtu Anayetaka Kujiona Ndani ya Sarafu

Tarehe 9 Agosti 2003, hoteli iliyo mkabala na stesheni ya zamani ilimkabidhi mtu huyu ngao ya mfanyakazi bora wa mwaka katika kitengo cha kung'arisha shaba. Picha ya hafla hiyo, pamoja na tarehe yake, bado imebandikwa ukutani pale mapokezi. Kitengo kilikuwa na mfanyakazi mmoja. Ngao yenyewe iko sebuleni kwake, juu ya televisheni, na maandishi yake hayasomeki tena kwa sababu mwenyewe huisugua kila Ijumaa.

Wenzake kazini walimwita Kioo, na mtaani jina hilo limemfuata. Lilitokana na msemo wake. Kila alipoulizwa kama amemaliza kitasa, reli ya ngazi au kengele ya mapokezi, alijibu, "Bado. Sijamaliza mpaka nijione." Alisugua hadi sura yake ijitokeze kwenye shaba, kisha akasimama akaitazama kwa kitambo ambacho wasimamizi wake walikiona kirefu kuliko mahitaji ya kazi. Haki yake apewe: kazi ile aliijua. Kitasa cha hoteli kinatakiwa king'ae. Balaa ni kwamba tangu alipostaafu hajakutana na kitu ambacho, kwa maoni yake, si kitasa.

Chumba cha mbele cha nyumba yake sasa ni karakana. Kuna meza iliyofunikwa kwa gazeti, bakuli la maji ya limau, sahani ya chumvi, kopo la majivu, dawa ya meno, brashi ya nyaya na mota ya cherehani aliyoifunga gurudumu la kitambaa kigumu. Nje kuna kibao: KLINIKI YA SARAFU, NISHANI NA VIKOMBE. Sarafu huziita wagonjwa. Wanaozileta huwaita ndugu wa wagonjwa, na utani huo haujamchosha bado.

"Fundi, hii ilikuwa ya babu yangu," alisema mteja mmoja, muuza simu wa mtaa wa pili. "Nyeusi kama sufuria ya kuni."

"Ndugu yangu, hii si nyeusi. Hii inaumwa. Iache hapa, nenda kanywe chai urudi."

"Haitaharibika?"

"Nani, shaba? Shaba haiharibiki. Kinachoharibika ni mikono ya wavivu."

Muuza simu aliporudi, sarafu ilimetameta kama kifungo cha sare ya bendi. "Loo! Kama mpya!"

"Ondoa hiyo 'kama'," Kioo akasema.

Mtawala aliyechorwa upande wa mbele alikuwa na pua asubuhi ile. Sasa hakuwa nayo. Hakuna kati yao aliyeliona hilo, na muuza simu alitoka akiwaonyesha watu barabarani mali ya babu yake, ambayo mkusanyaji yeyote wa sarafu angeikataa hata kwa kupewa bure.

Kioo hupenda kusema kwamba hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Ni kweli. Wasiojua hurudi kusifu. Wanaojua hawakanyagi pale.

Wanachokijua si siri kubwa. Rangi ya kahawia au ya kijani iliyoiva juu ya sarafu ya shaba si tope lililoganda. Ni shaba yenyewe, iliyobadilika polepole kwa kukaa na hewa na unyevu, na ikishakuwa ngozi huikinga iliyo chini yake. Limau huila. Majivu na dawa ya meno huikwangua. Brashi ya nyaya huondoka nayo pamoja na nywele za mtawala, ncha za herufi na kila kitu kidogo ambacho mchongaji alikipigania. Ikiondoka, hairudi. Mtu mwenye akili timamu akielezwa jambo hili mara moja huelewa. Kioo ameelezwa mara nyingi.

Aliyemweleza zaidi ni kaka yake mkubwa, marehemu sasa, aliyekuwa karani wa dirisha la tiketi katika stesheni ile ile. Kaka mtu alikuwa na desturi moja: sarafu ngeni au ya zamani ikipita dirishani, aliitoa na kuweka yake ya mfukoni badala yake. Zilizokusanyika alizipanga kwenye kabati la mbao lenye droo nyembamba, kila moja juu ya duara lake la kitambaa laini, kwa mpango alioujua yeye.

Naye alizisafisha, lakini kwa namna iliyomchekesha mdogo wake. Sarafu yenye udongo aliilaza kwenye bilauri ya maji ya betri, yale maji safi ya kuongezea yasiyo na chumvi wala dawa, si tindikali. Aliiacha humo mpaka udongo uachie wenyewe, akabadilisha maji, akaiacha tena. Aliishika kwa kingo tu, kamwe si usoni. Aliilaza juu ya kitambaa cha pamba na kuigusagusa ikauke, bila kufuta. Yenye gundi au mafuta aliitia kwenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, isiyo na rangi wala manukato, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa. Uchafu uliokataa kutoka baada ya hapo, aliuacha.

"Kaka," Kioo alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga kutu."

Wageni walicheka. Kaka mtu naye alicheka, kisha akafunga kabati kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Alikuwa mpole, hakuwa mjinga.

Kitu cha thamani kuliko vyote kabatini hakikuwa sarafu moja. Lilikuwa donge. Sakafu ya stesheni ya zamani ilipochimbwa, vibarua walikuta chini ya mbao za chumba cha tiketi fungu la sarafu za shaba zilizogandamana, ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, kijani tupu. Mfuko uliokuwa umezibeba ulikuwa umeoza zamani, lakini nyuzi zake zilikuwa zimejichapa ndani ya ile kutu, mstari kwa mstari, hata fundo la kamba likaonekana. Mtu fulani alifunga akiba yake, akaificha chini ya sakafu, asirudi. Karani alimvulia msimamizi wa vibarua saa yake ya mkononi ili alipate donge hilo.

Mhifadhi wa makumbusho ya jiji, mwanamke kijana anayejulikana kwa kusema machache, alikwenda kuliona. Alieleza kwamba sarafu za aina ile ziko nyingi, ila mfuko ulioacha sura yake namna ile hajauona kwingine. Aliomba lisiguswe. Alitaka lipigwe picha ya eksirei likiwa zima, kisha liwekwe kwenye kabati la vioo pamoja na mkusanyiko wote, na jina la karani juu yake.

Karani alifariki kabla ya hayo kutimia. Hakuacha mtoto. Alimwacha mke, na mke akabaki na haja moja, ambayo hakumficha mtu. "Mume wangu alikaa nyuma ya dirisha la nondo maisha yake yote," alisema. "Watu walimjua mikono tu. Nataka jina lake lionekane mahali pengine zaidi ya makaburini."

Kikulacho ki nguoni mwako. Makumbusho yalipanga siku ya kuja kukagua, na droo ya chini ya kabati ikawa imevimba kwa unyevu, haifunguki. Mjane hakutaka seremala wa kuokoteza ashike kabati lile. Akamwita shemeji yake. Kuzitoa sarafu kungevuruga mpango wa marehemu, kwa hiyo kabati lilikwenda kwa mkokoteni jinsi lilivyo, na ufunguo wake.

"Shemeji, ni droo ya chini tu," mjane alimwambia mlangoni. "Vilivyomo usiviguse."

"Mimi tena, shemeji? Si mali za kaka yangu hizi?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Kioo alipiga randa ubavu wa droo, akaupaka sabuni ya kipande, na droo ikateleza vizuri. Hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na aliifanya sawasawa. Baada ya hapo alibaki na kabati lililo wazi, alasiri nzima isiyo na kazi, na mota mezani.

"Baba watoto, umeambiwa droo," mkewe alisema kutoka jikoni.

"Mgeni wa serikali anakuja. Unataka akute marehemu ana uchafu?"

"Marehemu alizipenda hivyo hivyo."

"Marehemu alikuwa mvivu wa kusugua, Mungu amrehemu."

Mkewe aliongeza sauti ya redio. Ni mwanamke anayejua mambo mengi na huyasema mara moja tu, kisha husubiri yatokee.

Kioo alianza na droo ya juu na kushuka. Yeye mwenyewe husimulia kwa fahari kwamba hakuruka hata moja. Ilipofika zamu ya donge, alilitumbukiza kwenye beseni la siki na chumvi. Likatoa povu. Povu likatulia, akalitumbukiza tena. Lilipolainika alilipiga kwa nyundo ya mpira, na sarafu zikaachana moja moja, "kama wafungwa siku ya msamaha," kwa maneno yake. Maji ya kijani aliyamwaga kwenye sinki. Mabaki ya kamba aliyang'oa kwa kibano na kuyatupa pamoja na maganda ya viazi. Mfuko uliokaa chini ya sakafu muda wote ule, ukastahimili maji, panya na vibarua wenye sururu, haukumweza mstaafu mmoja mwenye nia njema.

Kabati lilirudishwa limefungwa, ufunguo ukiwa kwake. Alimwambia mjane kwamba amemwandalia zawadi, na mjane, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amezoea zawadi za shemeji yake kuwa vitasa vya mlango vilivyong'arishwa, hakushtuka.

Siku ya ukaguzi Kioo alifika na koti la hoteli, lile lenye vifungo vya shaba. Kabati alikuwa amelifunika kwa shuka jeupe. Mhifadhi alikuja na dereva na kasha lenye sponji, akavaa glavu. Mjane alimwekea kiti.

"Karibu, binti. Vaa na miwani ya jua kabisa," Kioo akasema, akavuta shuka, akafungua droo zote kwa mkupuo, na akacheka. Alicheka peke yake kwa muda.

Mhifadhi aliinua sarafu moja kwa kingo zake, akaiweka chini ya lenzi. Akairudisha. Akachukua ya droo ya pili, ya tatu.

"Nani amezisafisha?"

"Uliza kwa sauti, binti, shemeji asikie."

"Mzee, nauliza nani amezisafisha."

"Mimi hapa. Na wala sikudai hata nauli."

"Lile donge liko wapi?"

"Donge halipo. Donge lilikuwa ugonjwa." Akatoa chini ya kiti sahani ya udongo iliyojaa sarafu zenye rangi ya chungwa, zimelala kama samli iliyomwagika. "Hawa hapa. Nimewafungua wote, hakuna aliyekufa."

"Na alama za mfuko? Lile fundo?"

"Mfuko ulikuwa umeoza, mwanangu. Nimekuokolea kazi."

"Umevitupa wapi?"

"Kwani nyumbani kwenu uchafu mnautupa wapi?"

Mjane alikuwa amesimama na trei ya chai. Akaiweka juu ya televisheni, mahali ambapo haikai trei. "Shemeji," alisema, "nilisema droo."

"Na droo imefunguka, haikufunguka?"

Mhifadhi alimpa mjane lenzi na kumwonyesha. "Tazama hapa, mama. Hii mistari midogo inayozunguka. Huu si mng'ao wa sarafu, ni nyayo za gurudumu. Mzee wetu huyu hakuondoa uchafu, ameondoa sarafu. Ule udongo wa juu ungetoka kwa maji safi na subira. Uliobaki ulikuwa mali yenyewe."

Kioo naye aliinama kutazama, bega lake likimsukuma mjane pembeni. "Mbona najiona vizuri tu," akasema.

Kisha akatoa sentensi ambayo tangu siku hiyo ameirudia kwa kila anayekaa kwenye kiti cha wateja: "Binti, wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma shaba." Ni sentensi nzuri, na wateja huitikia kwa kichwa. Shaba anayoisema ameisoma kama mwanafunzi anayefuta ubao kabla hajanakili.

Mhifadhi alifunga kasha lake tupu. Alisema atazungumza na wakubwa wake, lakini hakutaka kumdanganya mama: onyesho lile lililopangwa halipo tena.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akajifungia. Kioo alirudi na ile sahani. Alikuwa ameelewa, kwa kadiri yake, kwamba wasomi wanataka rangi ya zamani, na rangi ni kitu ambacho fundi hupaka. Alichemsha mayai, akayaponda, akayafungia kwenye kopo pamoja na baadhi ya sarafu, kwa kuwa alisikia mvuke wa mayai huzeesha madini. Nyingine alizizika kwenye bustani ya mkewe na kuzimwagia maji ya chumvi. Zilizotoka kwenye kopo zilikuwa na michirizi ya zambarau. Zilizotoka bustanini zilikuwa na madoa ya kijani kibichi kama ukungu wa mkate, na zilinuka. Alimpelekea shemeji yake zote.

"Sasa zimekuwa kuukuu," alisema. "Furahini."

Mjane aliipokea sahani, akaiweka nje ya mlango wa nyuma, akanawa mikono. Kwa kipindi kirefu hakumwita tena kwa jambo lolote, na Kioo alieleza wateja wake kwamba msiba humbadilisha mtu.

Mhifadhi alirudi na pendekezo. Makumbusho yalikuwa tayari kuchukua kabati na kila kilichomo, hata sahani, kwa ajili ya meza ya kufundishia. Wageni wengi huleta sarafu walizozisugua nyumbani, wakitaka sifa. Meza ingewaonyesha kinachotokea: karibu na kila sarafu ya karani ingewekwa nyingine ya aina ile ile kutoka ghala la makumbusho, ambayo haijaguswa.

"Jina lake litakuwepo?" mjane aliuliza.

"Litakuwepo, mama. Lakini litakuwa juu ya sarafu zilizoharibiwa. Hilo lazima nikuambie. Watu watapita, watasoma, watadhani ni yeye aliyefanya."

Hiki ndicho mjane alichokuwa amekiomba, jina ukutani, na sasa alikuwa anapewa kwa namna ambayo ingemfanya mumewe, aliyenawa mikono kabla ya kugusa sarafu na baada ya kugusa sarafu, aonekane mharibifu mbele ya watoto wa shule. Angeweza kukataa. Basi jina lingebaki makaburini.

"Andika na jinsi alivyozisafisha yeye," alisema hatimaye. "Bilauri, maji ya betri, kitambaa cha pamba. Yote andika."

"Nitaandika."

"Kisha andika jina la aliyezisugua, na alichotumia."

"Mama, anaweza kukasirika."

"Yule?" Mjane alicheka kwa mara ya kwanza tangu ukaguzi. "Mwandikie herufi kubwa, mwanangu. Kubwa sawa na za kaka yake. Atakushukuru."

Makumbusho hayaruhusiwi kuandika jina la mtu bila idhini yake. Mhifadhi akampelekea Kioo karatasi ya kutia saini, ikiwa na maandishi yote kamili, neno kwa neno: limau, majivu, siki, brashi ya nyaya, gurudumu, nyundo. Kioo aliisoma akiwa amesimama. Akaomba kalamu kabla hajafika mwisho.

Mtaa mzima unajua sasa. Muuza simu amempongeza. Mwenyekiti wa chama cha wastaafu amemwomba aseme maneno mawili kwenye mkutano. Mkewe, alipoulizwa na majirani, amesema hajui kitu, na redio yake iko juu. Mteja mmoja tu, mhasibu mstaafu mwenye tabia ya kuuliza, ndiye aliyetaka undani.

"Kioo, wataandika nini hasa?"

"Wataandika nilichofanya."

"Wanakusifu?"

"Ndugu yangu, ulishaona wapi mtu anawekwa makumbusho kwa kutukanwa?"

Mhasibu alifikiri kidogo, akatoa mfukoni nishani ya baba yake, akaiweka mezani isuguliwe.

Onyesho linafunguliwa kwa umma tarehe mosi ya mwezi ujao. Maandishi yameshachapwa: jina la karani, alichokusanya na jinsi alivyokitunza, chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, jina la mdogo wake na alichokifanya. Gari la makumbusho litapita kumchukua mjane saa tatu asubuhi. Kioo atakwenda kwa basi.